Mafuta Aliyoyachukua Mtani

Wewe uliyekaa hapo karibu, nakutegea wewe, usiangalie pembeni. Mzigo wangu hauna kamba wala mpini. Sikuubeba kichwani, sikuubeba begani. Siku mwenzangu aliponipokea, mimi nikaanza kuimba na yeye akaacha. Ni nini?

Fikiri kwanza. Ukishindwa unanipa mji, na mimi sitaki mji wa hivihivi, nataka wenye maji na soko la samaki. Umeshindwa? Basi nimeshaupata, nitakaa huko nikisimulia. Mzigo wenyewe ni mafuta. Si ya taa wala ya kukaangia maandazi, ni haya tunayotembea nayo kiunoni. Na kama bado unajiuliza kwa nini aliyepokea aliacha kuimba, twende Ruvu Juu, nyuma ya ukumbi wa harusi, tumkute Kalunde akigeuza pilau.

Kalunde alikuwa mpishi wa shughuli, Mnyamwezi aliyezaliwa hukohuko Uzaramoni, watu wake walikuja na reli wakabaki. Siku hiyo alikuwa ameinama juu ya sufuria kubwa kuliko beseni la kuogea, mwiko mikononi kama kasia, na alikuwa anaimba. Ungemjua zamani ungeshangaa. Zamani akiinama kuokota kijiko, kifua kilikuwa kinapiga mluzi, inabidi akalie ndoo mpaka roho irudi mahali pake. Sasa gauni lilimlegea, shingo imetokeza, na pumzi ziliingia na kutoka bila kubisha hodi.

Ukumbini zumari ilikuwa inalia. Mpigaji alikuwa Kondo, Mzaramo, na kwa zumari hakuna aliyemfikia kuanzia Ruvu hadi Mlandizi. Alikuwa anampandisha bibi harusi jukwaani kwa wimbo ule wa kuvuta pumzi moja ndefu, na kila aliyewahi kuolewa Ruvu Juu aliujua. Sauti ikapanda, ikapanda, halafu ikavunjika katikati. Kikafuata kikohozi. Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi ya kumhurumia.

Mlango wa jikoni ukapigwa teke.

"Umesikia?" Alikuwa Sikudhani, mke wa Kondo, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana.

"Nimesikia nini? Mimi napika."

"Wanadhani ulimi wa zumari umepasuka. Haujapasuka. Kilichopasuka ni kifua, na kifua chenyewe ni chako, Kalunde!"

"Sikudhani, toka jikoni kwangu. Kuna moto."

"Moto gani na majiko haya ya jua? Nitoke niende wapi? Nyumbani kwangu nikakute nini? Nakuta kitambi chako kimelala kitandani kinakoroma! Makalio yako nayafulia suruali mimi, unajua hilo? Mume wangu alikuwa mwembamba kama zumari yake. Leo akipanda ngazi ya mlangoni anashika ukuta. Na wewe huku unaimba."

Wasaidizi wa jikoni waliacha kumenya vitunguu. Hakuna aliyemtetea Kalunde. Mmoja alimtazama kiuno, akaguna.

"Nina swali moja tu," Sikudhani alisema, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Siku ile ya matanga, Kondo alipotamka yale maneno yake ya kipuuzi, wewe, mwenye mdomo kama cherehani, mbona hukumjibu?"

Kalunde alichota wali, akautazama, akaurudisha.

"Pilau itaungua," alisema.

"Jumatatu kwa msuluhishi utaungua wewe."

Najua unataka kuniuliza yale maneno yalikuwa maneno gani. Subiri, kwanza uuone mkanda.

Pumu ya Kalunde hakuzaliwa nayo. Utotoni alikimbia na vumbi la reli usoni wala hakupiga chafya. Ilimjia ukubwani, pamoja na mwili. Nesi wa zahanati alimkalisha chini akamweleza kwa utulivu: "Mama, pumu si moja. Kuna ya watoto, ile ya vumbi na manyoya ya paka. Hii yako imekuja na unene. Mafuta ya tumboni yanasukuma mapafu juu, hayapati nafasi ya kujaa. Tena mafuta hayakai kimya humo ndani, yanatoa sumu ndogondogo zinazowasha njia za hewa. Ndiyo maana unavuta inhela na unafuu wenyewe unauona kwa mbali. Ukipunguza uzito, hata kidogo tu, kifua kitaanza kufunguka."

Akapunguza. Alikata ugali wa usiku, akatembea kando ya reli asubuhi, na kweli kifua kikaanza kufunguka. Halafu njaa ikaja. Si njaa ya kukosa chakula hii. Ni njaa ya mwili unaotafuta kilichopotea, unaamka nayo, unalala nayo. Baadaye pumu ikambana, akalazwa, akashindwa kutembea, uzito ukarudi na mwingine juu yake. Alizunguka hivyo kama ng'ombe wa kukamua alizeti.

Ndipo mikanda ikaja. Huja jozi, mweusi wa mwenye mwili na mweupe wa mbebaji. Wengi wanadhani inahamisha mafuta. Haihamishi mafuta, inahamisha njaa. Mweusi unaupoza mwili wako uridhike, uyeyushe ulichonacho bila kukitafuta tena. Lakini njaa ile lazima ikae mahali, isipokaa inarudi kwa mwenyewe mara mbili. Kwa hiyo mweupe unaichukua, unampa mwenzio. Yeye anakula, ananenepa, na usipokuwa na bahati anapata na pumu yako. Serikali iliweka sharti: mbebaji atamke kwa sauti yake kwamba anachukua, mkanda umuulize mwenye mwili kama anakataa. Akinyamaza, amekubali. Baada ya hapo mikanda haifunguki ila zahanati, kwa amri ya msuluhishi, maana kuikata ghafla kunaweza kuua.

Mbebaji wa Kalunde alikuwa awe kaka yake Mgalula, mwembamba, mzima wa kifua, mwenye roho nyeupe. Walishakwenda zahanati wote wawili, mikanda ikatolewa, ukatundikwa mweupe ukutani ukisubiri Mgalula atoke safari. Mgalula akarudi kwenye jeneza, treni ilimkanyaga.

Basi siku ya matanga watani wakaja. Wewe wa siku hizi huenda hujui. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akija msibani haji kulia. Anaficha jembe la kaburi, anapora sufuria, analala kwenye kitanda cha maiti akidai chai, na wewe mfiwa unatakiwa umtukane umrudishie, au ukomboe kitu chako kwa zawadi kidogo. Ndivyo kilio kinavyopungua makali. Kondo ndiye aliyekuwa bingwa. Alivaa kanzu ya marehemu kinyumenyume, akapanda kwenye kinu, halafu macho yake yakatua kwenye ule mkanda mweupe ukutani. Akaunyakua, akaufunga kiunoni.

"Enyi Wanyamwezi!" alipaza sauti. "Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wakasahau namna ya kulala bila mzigo! Leo Mzaramo anawapokea! Kalunde, gunia wewe, mafuta yako yote nayachukua mimi, na ukiyataka njoo uyakomboe kwa kuku!"

Watu waliangua kicheko, hata waliokuwa wanalia. Mkanda ukalia *tik*, ukasema kwa sauti yake ya kike isiyo na kabila: "Ridhaa imesikika. Mwenye mwili, unakataa?"

Waliotengeneza mkanda waliufundisha lugha zote za nchi hii, matusi na mahaba na maneno ya sokoni. Utani hawakuufundisha.

Wote walimgeukia Kalunde, wakisubiri amrudishie mtani wake tusi. Kondo mwenyewe alisubiri, kidole kimeelekezwa kwake, tabasamu hadi masikioni. Kalunde alikuwa amekaa mkekani, mkanda mweusi kiunoni, kanga mdomoni. Akauangalia ule mweupe. Hakusema kitu.

"Ridhaa imepokelewa," mkanda ukasema.

Wakacheka zaidi, wakidhani na mashine imo kwenye mchezo. Kondo akajipiga tumbo lililobonyea. "Nimeshiba tayari!"

Siku chache baadaye Kondo alikuja nyumbani kwa Kalunde na kuku, yeye mwenyewe. "Mtani, mimi ndiye najikomboa safari hii. Twende tukaombe amri, zahanati watufungue." Kalunde akamwambia kesho. Alikuja tena, akaambiwa ana wageni. Mara ya mwisho Kalunde alimsikia akibisha hodi, akakaa kimya nyuma ya pazia. Akasikia kitu kipya pale mlangoni, mluzi mwembamba kati ya hodi na hodi. Aliujua ule mluzi. Aliishi nao miaka.

Hapo ndipo alipoanza kumchukia Kondo. Alimchukia kama unavyomchukia mtu aliyekuona ukichota mboga ya mwenzio.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kwa msuluhishi, binti yake Nyamizi alikuwa anamsuka nywele, na alikuwa anavuta kuliko inavyotakiwa.

"Swali ni lile moja tu atakalouliza msuluhishi, mama. Mbona ulinyamaza. Na jibu lipo. Ulikuwa msibani, umelia siku nzima, kifua kilibana, hukuwa na pumzi ya kusema. Basi. Nani atabisha? Daftari la zahanati limejaa pumu yako."

"Na Kondo?"

"Sheria inasema kama hukuweza kusema, hukumdanganya mtu. Maneno yake yanabaki maneno yake. Atabeba mpaka apate wa kumpokea."

"Hakuna atakayempokea. Nani atachukua kifua kile?"

"Mama." Nyamizi aliacha kusuka. "Ukisema kwamba ulijua ni utani ukaacha makusudi, watageuza mikanda. Njaa yako itarudi, mwili utarudi, pumu itarudi. Unajua mimi nilikukuta wapi mara ile? Sakafuni, midomo ya bluu, mwiko mkononi. Mimi ndiye niliyekuokota. Siokoti tena. Nimekwambia, siokoti tena."

"Usinivute hivyo, unaniumiza."

"Bora nikuumize."

Kalunde alitaka kumjibu vibaya. Badala yake akavuta pumzi ndefu, ndefu kabisa, mpaka chini tumboni, kama mtu anayeonja asali ya mwisho kwenye chupa. Ilikuwa tamu. Sikwambii uongo, ilikuwa tamu.

Ofisi ya msuluhishi ilijaa hadi madirishani. Walimzomea Kalunde tangu getini. "Mpagazi kageuza msafara!" mmoja alipiga kelele, na siku nyingine lingekuwa tusi la utani, la kumfanya amrudishie. Leo hakuna aliyecheka.

Msuluhishi alikuwa Bwana Tweve, Mbena wa Njombe, mfupi, mwenye miwani inayoteleza. Mbele yake mezani kulikuwa na chombo cha zahanati cha kugeuzia mikanda, kidogo kama redio, kina taa mbili.

Kondo alieleza kwa vipandevipande. Anasema maneno matatu, anapumzika. Alieleza utani, kinu, kanzu, kuku. Alisema sasa hawezi kumaliza wimbo. Alisema anakula hata asipotaka, anaamka usiku anajikuta mkono umo kwenye chungu. Sikudhani alikuwa nyuma yake na inhela mkononi, ameishika kama kisu.

"Bwana Kondo, maneno yale ulikusudia?" Tweve aliuliza.

"Ulikuwa utani, mheshimiwa."

"Mashine haijui utani. Mimi naujua, na mimi nina watani wangu, wananitesa kila Krismasi." Watu hawakucheka, naye hakutaka wacheke. Akamgeukia Kalunde. "Mama, mtani akirusha, unarudisha. Mkanda ulikuuliza kama unakataa, nimeisikiliza sauti yake iliyohifadhiwa. Mkanda ulisubiri. Watu walisubiri. Mbona hukumjibu?"

Nyamizi alimkanyaga mama yake mguu, taratibu. Kalunde akafungua mdomo.

"Naomba nifikiri, mheshimiwa."

"Ulishafikiri miezi!" Sikudhani aliruka. "Unafikiri nini tena, mwizi wewe? Ungeiba mbuzi ungeshachomwa!"

"Mama, kaa," Tweve alisema. "Tutarudi baada ya adhuhuri."

Kwenye baraza la ofisi kulikuwa na benchi moja tu la saruji. Watu walikwenda kwenye chai, Nyamizi akaenda kutafuta maji, Sikudhani akaenda kwa nesi. Kondo hakuweza kutembea mbali. Alibaki pale, tumbo limejaa mapajani, miguu imetanuliwa ili tumbo lipate pa kukaa. Kalunde alikujua kukaa kule. Alikaa hivyo yeye miaka, akivizia pumzi moja baada ya nyingine.

Akaketi upande wa pili wa benchi. Basi akajaribu alichokijua tangu akiwa mtoto.

"We Mzaramo," alisema, "kitambi hicho umekiokota wapi? Hakikukai. Unafanana na chatu aliyemeza zumari."

Akasubiri. Kondo angemwambia mwiko mkavu. Angemwambia mpagazi aliyetupa mzigo njiani. Chochote. Angemtukania ukoo mzima mpaka Tabora, na Kalunde angeshukuru.

Kondo aligeuka polepole, akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyomwinamia mgeni asiyemjua.

"Samahani, Bi Kalunde. Habari za asubuhi."

Bi Kalunde. Mwanamume yule hakuwahi kumwita Bi hata siku moja. Hata kwenye harusi ya Nyamizi alimwita kiroba mbele ya wakwe.

"Kondo, nakutania."

"Nimesikia, Bi Kalunde. Nashukuru." Akavuta pumzi, mluzi ukalia, akaisubiri itoke. "Pole na kazi zako. Nasikia pilau ya juzi ilikuwa nzuri."

"Nitukane basi!"

Kondo hakumjibu. Aliangalia getini. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomchoma Kalunde, maana hasira angeijibu. Alikuwa amemwondoa tu, kama unavyoondoa jina la mtu kwenye waalikwa. Kalunde alikaa pale na tusi lake lililorushwa, limeanguka chini katikati yao, hakuna wa kuliokota. Hakuwahi kujua kwamba kunyamaziwa na mtani kuna uzito huo. Yeye alimfanyia hivyohivyo mbele ya watu mia, siku ya matanga ya kaka yake.

Nyamizi akarudi na maji. Akawatazama wote wawili, akamvuta mama yake mkono. "Wanaita. Kumbuka. Hukuwa na pumzi. Neno moja tu hilo, mama, halafu twende nyumbani tukapike."

Waliingia. Madirisha yalijaa vichwa tena. Nesi alikuwa amesimama kando ya kile chombo, kidole tayari. Sikudhani alimtemea mate Kalunde miguuni alipopita, na Tweve hakumkataza.

Kalunde alisimama bila kushika meza. Moyoni alijua ni mara ya mwisho kwa muda mrefu kusimama hivyo. Alifikiri njia ya reli asubuhi, ugali uliokatwa, ile njaa ya kuamka nayo, miaka ya kuanza upya kidogo kidogo kwa miguu yake mwenyewe, kama kifua kitamruhusu kuimaliza. Alifikiri sakafu ya jikoni na uso wa binti yake. Binti yake alikuwa anamwangalia sasa, midomo ikimwundia maneno bila sauti.

"Mama Kalunde," Tweve alisema, na alivua miwani, "niulize kwa namna ambayo haina mlango wa nyuma. Mtani wako aliposema yale maneno, na mkanda ukakuuliza, wewe hukuwa na pumzi ya kumjibu?"

Sikudhani aliacha kusonya. Kondo, kule kwenye kiti chake, alikuwa anaangalia mikono yake.

Kalunde akavuta hewa mpaka chini kabisa, akaishikilia kidogo, akaiachia.

"Pumzi nilikuwa nayo," alisema.